Ukurasa ambao sikuufungua: fidia ya vidole vya Athmani, Kilindini

Wakuu, amani iwe juu yenu nyote, mnaosali na msiosali.

Mimi ni mtu mzima, nimeshapita miaka themanini. Humu jukwaani husoma zaidi ya kuandika. Leo naandika kwa sababu nimekasirika, na sitaki mtu anihurumie wala anisifu.

Nitakayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyatenda kwa ulimi wangu mwenyewe. Pale ambapo niliambiwa na mtu, nitasema niliambiwa. Majina nimeyabadilisha. Mengineyo sikuyagusa.

Kilichonikasirisha ni hiki.

Juzi kijana mmoja aliweka uzi humu. Mashine ya kiwandani imembana mkono, na anauliza sheria itampa nini. Swali la mtu mwenye maumivu, ameliuliza kwa adabu. Nikashuka chini kusoma majibu.

Mmoja anasema mkono ni milioni kadhaa. Mwingine anasema binamu yake alilipwa mara mbili ya hiyo. Wa tatu, ambaye nadhani hata kidole hakijawahi kumuuma, ameandika: "Bro, kidole kikipona hulipwi kitu. Bora kikatwe."

Nililisoma jibu hilo mara mbili, kisha nikavua miwani.

Katika majibu yote yale, hakuna hata mmoja aliyesema amefungua sheria akaisoma. Hata mmoja. Wote wamesikia.

Maneno hayo ya "bora kikatwe" mimi nilikwisha kuyasikia. Niliyasikia Mombasa, miaka michache baada ya Uhuru, na nilimwona mtu yaliyemharibu.

Tuanze na mtu huyo.

Athmani alikuwa mtoto wa ami yangu, akinizidi miaka minne. Mchana alikuwa kibarua Kilindini, katika wale waliosimama langoni alfajiri wakingoja kuitwa, anayeitwa apate kazi ya siku ile, asiyeitwa arudi nyumbani. Jioni alikuwa mshona kofia.

Msidhani nasema kofia za dukani. Nasema kofia za mkono, zile ambazo kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi peke yake, na kofia moja huweza kula miezi. Sindano hukaa kati ya gumba na kidole cha shahada, na cha kati kikaisukuma. Athmani alichora mwenyewe na kushona mwenyewe, na masharifu waliagiza kwake kofia za Idi mapema kabla ya Ramadhani kuingia.

Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani. Kulikuwa na chumba cha mbele katika nyumba moja ya Ndia Kuu, mlango mmoja, dirisha moja, kilichokuwa kikikodishwa. Alitaka aache bandari, akae kwenye chumba kile, ashone. Kila tukipita hapo alipunguza mwendo. Mimi nilimtania kwamba ataoa chumba juu ya mkewe, na mkewe Rukiya akasikia, akasema chumba hicho angalau hakitamwomba nguo ya sikukuu.

Siku alipoumia mimi nilikuwa kazini. Nilikuwa karani kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, kijana wa miaka ishirini na mbili, nimemaliza sekondari, Kiingereza kimenijaa kichwani na kichwa chenyewe kimejaa zaidi.

Sikuwepo gatini. Niliwauliza watu wawili waliokuwepo, nao hawakukubaliana hata kama jua lilikuwa limepanda. Walilokubaliana ni hili: mkono wa kulia wa Athmani ulikuwa juu ya mnyororo, winchi ikavuta kabla hajatoa ishara, na vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikabanwa kwenye ubavu wa kreti la vyuma.

Hospitali nilikuwepo. Daktari alikuwa Muhindi aliyezaliwa papo hapo Mombasa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wengi wenu humu. Aliusafisha mkono, akaufunga, kisha akamwambia Athmani mbele yangu:

"Mifupa imevunjika, lakini damu inapita. Vidole nitavihifadhi. Utakuja kufungwa kidonda siku baada ya siku, usikose hata mara moja, kisha utakuja kwa mazoezi. Huenda visikunje kama zamani. Lakini utakuwa navyo."

Akamwandikia kadi ya kuhudhuria, tarehe zimepangwa chini mpaka mwisho. Ikumbukeni kadi hiyo.

Sasa nieleze jambo moja kwa walio vijana, ama hamtaelewa yaliyofuata.

Enzi zile kila baraza ya Mji wa Kale ilikuwa na msomaji wake. Watu waliotoka kazini walikaa baada ya alasiri mpaka isha, kahawa ikipita, na mmoja aliyesoma skuli akawasomea wenziwe: gazeti, barua ya mwana aliyeko Unguja, notisi ya serikali iliyobandikwa ukutani. Wengi pale waliijua Kurani na hati za Kiarabu vizuri sana, lakini Kiingereza kilikuwa cha sisi wachache. Msomaji akisema "imeandikwa", basi imeandikwa. Hakuna aliyechungulia begani mwake kuhakikisha.

Baraza yetu ilikuwa ya Mzee Twalibu, kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu. Huyu alikuwa serahangi bandarini kwa miaka mingi, msimamizi wa kundi la makuli, na alipostaafu aliendelea kusimamia kila aliyempitia mbele. Msomaji wa baraza hiyo nilikuwa mimi.

Siku ya tatu baada ya ajali niliazima ofisini nakala ya sheria ya fidia za wafanyakazi, nikaja nayo barazani. Nisiwafiche: nilikuja nayo kifuani, jalada likitazama nje, ili watu walione.

Nikawaeleza kwanza namna fidia inavyokadiriwa. Kwamba huchukuliwa mapato ya mtu ya mwezi, yakazidishwa kwa idadi ya miezi iliyowekwa na sheria, kisha hutazamwa kwenye jedwali kiungo kilichopotea kina sehemu gani katika mia ya mwili wa mfanyakazi. Zidisha, upate. Ni hesabu ya darasa la sita.

Sitaandika hapa sehemu hizo zilikuwa ngapi. Najua mtazichukua, mtazipeleka kwenye uzi wa yule kijana, na sheria ya leo si ile ya wakati ule.

Kisha nikalisoma jedwali, kidole kwa kidole, nikitafsiri. Gumba. Shahada. Cha kati. Cha pete. Cha mwisho. Kila nilipotaja, wazee walitazama mikono yao kana kwamba wanaiona mara ya kwanza.

"Kumbe hiki cha mwisho kina bei," alisema mmoja. "Na miye hukichokonolea sikio tu."

"Wewe ukikatwa ulimi, yakhe, serikali itafilisika," akajibiwa.

Watu wakacheka. Mzee Twalibu hakucheka. Alikuwa amefumba macho, akihifadhi.

"Waache hao, bwana karani," aliniambia. "Shahada, wa kulia. Rejea hapo. Soma polepole."

Nikarejea. Nikasoma: "Kupotea kwa kidole cha shahada." Nikataja sehemu yake. "Kupotea kwa kidole cha kati." Nikataja.

Nilikuwa nimefika mstari wa mwisho wa ukurasa adhana ya maghribi ilipotoka msikiti wa mwisho wa kichochoro. Nikakifunga kitabu. Watu wakainuka kutawadha.

Kusimama hakukuwa na kosa. Adhana ikilia, msomaji hunyamaza, hiyo ndiyo adabu, na Mungu anastahili zaidi kuliko jedwali. Lakini tulirudi baada ya swala. Kahawa ikamiminwa tena. Kitabu kilikuwa mapajani mwangu. Hakuna aliyesema "endelea", nami sikusema kwamba pana ukurasa nyuma. Nilidhani nimemaliza.

Kufikia Ijumaa, habari ilikuwa imekwisha kufika Kilindini na kurudi, na iliporudi ilikuwa imenenepa. Sasa ilisema: kilichokatika hulipwa, kilichokauka hakilipwi.

Mzee Twalibu akaiongezea mtu. Akasema yupo mtu wa Mbaraki aliyekatwa kidole kimoja akanunua nyumba, na mwenziwe ambaye kidole kilimkauka hakupewa hata nauli.

Mtu huyo nilikuja kumtafuta baadaye, nikiwa na hasira kama za leo. Mbaraki hawamjui. Mmoja aliniambia alikuwa wa Lamu. Mtu wa Lamu akaniambia alikuwa wa Tanga. Hapo nikaacha.

Wiki ile Athmani alikuja kwetu. Alikaa sebuleni, mkono ameutundika kwa leso ya Rukiya, hakuigusa chai.

"Mwana wa ami," alisema, "wewe ndiwe uliyesoma. Kidole kikisalia, lakini kikawa hakikunji, kitabu chasemaje?"

"Jedwali limeandika kupotea," nikamjibu. "Halikuandika kukauka."

"Basi ni kweli wasemavyo."

"Mimi nakwambia nilichokisoma."

Akasema kwamba kwa kidole kisichokunja hawezi kushika sindano, na kwa kidole kisichokuwepo hawezi kushika sindano. Lakini kimoja chamlipia chumba cha Ndia Kuu, angeweka vijana wakamshonea yeye akichora kwa mkono wa kushoto, na kingine hakimlipii kitu. Alilisema taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

Wakuu, nimelipitia jibu langu lile kwa miaka sitini. Hakuna neno la uongo ndani yake. Jedwali lilikuwa limeandika kupotea. Halikuandika kukauka. Ndiyo maana nawaambia kwamba mtu huweza kumwangamiza nduguye kwa maneno ya kweli tupu, mradi ayaache nusu.

Nasimama hapa, alasiri imeadhiniwa. Naomba mtu asijibu kitu kabla sijamaliza.

-----

Nimerudi.

Nakuta watatu wamekwisha kujibu. Mmoja anasema kampuni ilimdhulumu. Mmoja anasema daktari alihongwa. Mmoja anataka kujua chumba kile cha Ndia Kuu sasa kinakodishwa shilingi ngapi.

Niliomba mngoje. Hamkuweza kungoja swala ya rakaa nne. Haya, tuendelee.

Athmani alikwenda kwa daktari, akamwomba avikate. Hili sikuliona, aliniambia Athmani mwenyewe. Daktari alimwambia yeye hakati kidole kinachopona, na akamrudisha kwa dresa akafungwe kidonda.

Hili linalofuata nililisikia kwa masikio yangu. Athmani alikuja barazani akasimulia alivyokataliwa. Mzee Twalibu akaweka chini kikombe.

"Usigombane na daktari, mwanangu," alimwambia. "Daktari hagombwi. Wewe usende tu. Kidonda chenyewe kitasema naye."

Watu waliguna, wengine wakaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilidhani ni maneno ya barazani, ambayo mtu huyaacha pale pale anapoinuka. Sikufungua mdomo.

Siku zikapita. Athmani hakuonekana barazani, na mimi nilikuwa na meli nyingi, sikuuliza.

Asubuhi moja nikiwa natoka kwenda kazini nikamkuta Rukiya mlangoni, buibui amelifunga vibaya kama mtu aliyetoka mbio.

"Shemeji, nifuate," alisema. "Mkono wa nduguyo wanuka, na yeye ataka nifukize udi ili majirani wasijue. Udi umekwisha."

Nikamfuata. Nyumba nzima ilikuwa moshi. Athmani alikuwa kitandani, homa inamtetemesha, mkono umevimba mpaka kiwikoni, bandeji ni ile ile ya siku alipofungwa mara ya mwisho. Aliponiona alitabasamu.

"Bado siku mbili," aliniambia. "Zikitimia watakata, hawana budi."

Nilikwenda kutafuta teksi.

Daktari hakupiga kelele. Ningependelea angepiga. Aliomba ile kadi ya kuhudhuria, akaitazama, akahesabu nafasi tupu kwa ncha ya kalamu.

"Ulikuwa ukipona," alisema. "Mara ya mwisho ulipokuja, hiki cha kati kilikuwa kimeshaanza kucheza. Nani aliyekwambia usije?"

Athmani alinitazama mimi. Hakunitazama kwa lawama, alinitazama kama mtu amtazamaye mkalimani wake, akingoja nimjibie. Sikujibu.

Vidole vyote viwili vilikatwa siku ile ile, kutoka shinani. Daktari alisema ni bahati hakukata mkono.

Baada ya kupona tukaenda kwa afisa wa kazi kukadiriwa fidia. Alikuwa kijana wa bara, mpole, shati limepigwa pasi, dawati limepangwa. Mwajiri alikuwa amemtuma mtu wake, naye alikaa kando na bahasha. Mimi nilikwenda kama msaidizi wa Athmani, na nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu nyumbani kwenye karatasi safi: mapato ya mwezi, kwa wastani, kwa kuwa kibarua hana mshahara wa mwezi, idadi ya miezi, sehemu ya shahada, sehemu ya cha kati. Nikajumlisha. Nikapiga mstari chini kwa rula.

Nilimkabidhi afisa karatasi ile kwa mikono miwili.

Aliisoma yote. Akaniuliza nilisoma wapi, nikamwambia. Akasema hesabu imepigwa vizuri. Kisha akauliza kwa nini kidonda kiliachwa.

Hapo mtu wa mwajiri akafungua bahasha, akatoa nakala ya ile kadi ya hospitali, akaiweka mezani. Nafasi tupu zilikuwa zimezungushiwa wino mwekundu.

Athmani akaeleza. Alieleza kwa ukweli, maskini, kwa sababu hakujua kwamba pana la kuficha. Akasema kidole kilichokauka hakilipwi, ndipo akaona heri kikatwe.

Afisa aliweka kalamu chini.

"Nani alikwambia hakilipwi?"

"Kitabu," alisema Athmani.

Afisa alikivuta kitabu chake, nakala ileile kama ya ofisini kwetu, rangi ileile. Akafungua kwenye jedwali. Nikaliona, nikalitambua, mpaka ule mstari wa mwisho nilioishia. Kisha akageuza ukurasa.

Nyuma yake palikuwa na maelezo mafupi, si zaidi ya mistari kumi. Akanisogezea.

Nilisoma kimya. Nikasoma tena. Athmani, ambaye Kiingereza hakukijua, alikuwa akiutazama uso wangu.

"Soma," aliniambia.

"Nitakueleza nyumbani."

"Ule uliusoma mbele ya watu. Soma na huu."

Nikasoma. Nikatafsiri kwa sauti, mbele ya afisa, na mbele ya yule mtu wa mwajiri ambaye hata yeye aliinamisha kichwa. Maelezo yalisema kwamba kiungo kilichopoteza kabisa kazi yake kwa kudumu kitahesabiwa sawasawa na kiungo kilichokatika. Na kilichopoteza sehemu ya kazi yake, kitalipwa kwa sehemu hiyo.

Maana yake, kwa yeyote humu ambaye bado hajaelewa: kama vidole vya Athmani vingekauka kabisa vikiwa mkononi mwake, angelipwa kama aliyekatwa. Kama vingepona nusu, angelipwa hiyo nusu, na angebaki na vidole vyake. Hakukuwa na njia yoyote ambayo kukatwa kulikuwa na faida. Yoyote.

Haikuishia hapo. Afisa alifungua kifungu kingine, akanieleza kwa upole, nami nikamtafsiria Athmani. Mfanyakazi akiacha matibabu bila sababu ya msingi, na jeraha likazidi kwa ajili hiyo, fidia hukadiriwa kana kwamba alitibiwa mpaka mwisho. Wakamwandikia daktari aeleze vidole vile vingekuwaje. Daktari, mtu mwaminifu, akaandika aliyoyaona: vingepona, vikiwa na ugumu kiasi.

Basi Athmani alilipwa ugumu wa vidole ambavyo hakuwa navyo tena.

Zile fedha hazikukodi chumba. Zilimlipia madeni ya miezi aliyokaa bila kazi, na zilizosalia Rukiya alinunua nyuzi.

Rukiya ndiye aliyeilisha nyumba tangu hapo. Athmani alichora kwa mkono wa kushoto, mwanzo mistari ikipinda kama ya mtoto wa chuo cha Kurani, naye mkewe akashona. Mchana alikuwa bawabu kwenye ghala moja Mbaraki. Chumba cha Ndia Kuu kilichukuliwa na mwuza vinyago. Athmani akawa anapita njia ya nyuma.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Twalibu.

Nilimwendea siku ileile tuliyotoka kwa afisa. Nilimkuta barazani pake. Nikamwambia, mbele ya watu wale wale, kwamba maneno yake yamemkata mtu vidole. Sijawahi kumkabili mzee namna ile kabla wala baada.

Hakughadhibika. Alinisogezea nafasi nikae.

"Miye nilisema nini, mwanangu?" aliniuliza. "Miye sikusoma kitabu. Miye nilisikia. Tena nilisikia kwako."

Wote, mmoja mmoja, wakanitazama.

Nilitaka kumwambia habari ya yule mtu wa Mbaraki aliyenunua nyumba. Nilitaka kumwambia habari ya "usende tu". Yote hayo yalikuwa yake na atayajibu mbele ya Mola wake, na mpaka leo hasira yangu juu yake haijapoa, ingawa amekwisha kufa siku nyingi. Lakini jiwe la kwanza la nyumba ile ya uongo nililiweka mimi, na nililiweka nikiwa na kitabu mkononi. Nikaondoka. Sikusoma tena katika baraza ile, na kwa miaka mingi sikusoma katika baraza yoyote.

Athmani hakunitamkia neno hata moja juu ya jambo lile mpaka arubaini ya ami yangu, yaani baba yake. Watu walikuwa wameondoka, tunakunja mikeka. Nikamwambia nilichokuwa nikitaka kumwambia tangu ofisini kwa afisa: kwamba lile kosa ni langu.

Alikunja mkeka mpaka mwisho, akaufunga kwa kamba, kwa meno na mkono mmoja.

"Barazani walikuwa na midomo tu," alisema. "Wewe ulikuwa na kitabu."

Akaubeba mkeka akaenda kuuweka. Hatukulizungumza tena.

Tuliswali safu moja, bega kwa bega, zaidi ya miaka arobaini baada ya hapo, mpaka alipofariki. Wanaoswali wanajua: katika kikao cha tahiyatu, ukifika kwenye shahada, huinuliwa kidole cha mkono wa kulia. Athmani hakuwa nacho. Lakini kila swala, ikifika pale, niliona upande wa mkono wake ukikaza na mshipa ukipanda, ukiinua kitu kisichokuwepo. Sikuhitaji kugeuka. Nilikuwa nikilijua hilo kwa pembe ya jicho langu mara tano kwa siku.

Ndiyo sababu nimekasirika, wakuu. Yule kijana wa kiwandani ana mkono ambao huenda bado unapona. Ninyi mmekwisha kumkadiria bei yake, na mmoja wenu amemshauri kama Mzee Twalibu alivyomshauri ndugu yangu, isipokuwa yeye hata kikombe hakukiweka chini.

Kwa hiyo, kijana, kama unasoma hapa: nenda hospitali kesho na kila siku uliyopangiwa, na uitunze kadi yako. Mweleze mwajiri kwa maandishi kwamba umeumia. Nenda ofisi ya kazi ya wilaya yako, umwombe afisa akuoneshe sheria ya leo yenyewe, si ya enzi zangu, na usitoke mpaka umeona jedwali linapoishia na kinachofuata baada yake. Tarakimu ya mtu yeyote humu, pamoja na mimi, usiichukue.

Na wewe uliyeandika "bora kikatwe", nakusubiri hapa chini. Sitakutukana. Nataka uniambie jambo moja tu: ulilisoma wapi, na uligeuza ukurasa?

Wengine pia karibuni mchangie. Mwenye sheria aje nayo. Aliyesikia tu, leo naomba anyamaze.